Je, ni redio iliyoharibika au ni masikio yangu?

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Katuba hapa Lubumbashi. Muziki wa klasiki niliujulia seminari ndogo, ambako padri mmoja alikuwa akitupigia santuri kila Jumapili baada ya chakula. Tangu hapo nimeutafuta redioni. Kwa miaka mingi stesheni moja ya hapa mjini ilikuwa inapiga simfonia nzima Jumapili jioni, na siku yangu niliipanga kufuatana na kipindi hicho. Sasa saa nzima imekuwa nusu saa. Wanapiga kipande cha dakika nne, mara matangazo ya biashara, mara kipande cha mtunzi mwingine. Mtangazaji anaanza kusema kabla noti ya mwisho haijazimika. Sauti yenyewe imekuwa ngumu: pale violini zinapotakiwa kunong'ona zinapiga kelele kama okestra nzima. Mjukuu wangu alinifungulia redio za Ulaya kwenye simu, nikaona hata huko wanazungumza sana, halafu mega zikaisha katikati ya tamasha. Watoto wangu wanasema ni uzee, masikio yamechoka, na ni kweli sikio la kushoto linavuma tangu mwezi uliopita. Je, kiwango kimeshuka kweli, au ni mimi? Na nifanye nini?"

Jibu:

Jambo Mwalimu. Kwanza nikutoe wasiwasi mmoja: huo ugumu wa sauti unaousikia upo. Nimekaa miaka 19 kwenye chumba cha mitambo cha redio hapa Lubumbashi, na kwa miaka 6 kati ya hiyo kipindi cha klasiki kilikuwa mikononi mwangu. Kisanduku kinachofanya violini zako zipige kelele nakijua, kimoja nilikifunga mimi mwenyewe kwa skrubu. Nitaanzia hapo. Habari ya sikio nitaifikia mwishoni, na usidhani ni ndogo kwa sababu imekuja mwisho.

Wengi wanaoniuliza juu ya sauti ngumu wanadhani redio imenunua CD mbovu au mnara wa kurushia umechakaa. Mara nyingi CD ni nzima na mnara ni mzima. Kati ya meza ya studio na mnara kuna mtambo ambao kazi yake ni kusawazisha sauti, mafundi tunauita kompresa. Fikiria mtu aliyeshika kitufe cha sauti cha redio yako na hataki kukiachia. Sauti ikishuka anaongeza, ikipanda anapunguza, na anafanya hivyo mara nyingi ndani ya sekunde moja, mchana na usiku.

Umewekwa kwa sababu inayoeleweka. Okestra ikiwa ukumbini inaweza kutoka desibeli 30 hivi, pale violini zinaponong'ona, ikafika karibu na 100 pale tarumbeta na ngoma zinapoingia pamoja. Sebuleni kwako, ukihesabu watoto walioko uani, pikipiki za barabarani na jirani aliyefungulia muziki wake, kelele za kawaida tu ni desibeli 40 hadi 50. Minong'ono yote inazama humo. Ndani ya teksi ni vibaya zaidi. Msikilizaji asiposikia kitu kwa sekunde kumi anaona redio imekufa, anahamia kwingine. Mkurugenzi wa redio anajua hivyo, na anayelipia matangazo anajua pia, basi fundi anaambiwa abane, na abane kweli.

Kwa rumba, habari au mahubiri haidhuru sana. Rumba ya siku hizi inatoka studio ikiwa imeshasawazishwa, na sauti ya mtu anayesoma habari haipandi wala kushuka mbali. Katika simfonia mambo ni mengine, maana umbali kati ya kimya na kishindo ndio habari yenyewe. Mtunzi ameandika wapi watu walegeze na wapi wakaze. Ukiyaondoa hayo unabaki kama unamsikia mtoto wa darasa la pili anayesoma ukurasa mzima kwa sauti moja, bila nukta wala alama ya kuuliza, na wewe umewasikia wengi wa namna hiyo.

Ukitaka kuthibitisha, tafuta Boléro ya Maurice Ravel, iliyopigwa mara ya kwanza Paris mwaka 1928. Sijui kipande kinachofaa zaidi kwa jaribio hili. Inaanza na ngoma ndogo ya kijeshi ikigongwa kwa sauti ndogo kabisa, kiasi kwamba ukumbini watu wanazuia pumzi ili waisikie. Ngoma hiyo inarudia mdundo ule ule kwa muda wa robo saa bila kugeuka, na ala zinaingia juu yake: filimbi, klarineti, fagoti, hadi okestra nzima inasimama. Kila kitu kinakua kidogo kidogo, na ngoma inakua pamoja nacho. Sasa isikilize kwenye redio iliyobanwa. Mwanzoni ngoma inakuja kubwa, kana kwamba iko mezani pako, kwa sababu hakuna kingine na kompresa imeinua kila kilichopo. Ala zikiongezeka, kompresa inashusha jumla yote, na ngoma inarudi nyuma. Ngoma iliyoandikwa ikue, inasinyaa! Robo saa ya kupanda mlima imekuwa robo saa ya kutembea tambarare. Nilipoisikia hivyo mara ya kwanza, na ilikuwa kwenye mtambo nilioufunga mwenyewe, nilivua spika za masikioni nikakaa kimya muda mrefu.

Kuna alama nyingine unayoweza kuitambua bila Ravel. Okestra ikipiga kishindo na kunyamaza ghafla, sikiliza kile kimya kinachofuata. Ukisikia ukumbi unapanda polepole, mvumo wa hewa, kiti kinacholia, kikohozi cha mtu wa safu ya nyuma kinachokuja mbele kana kwamba ameletewa kipaza sauti, hiyo ni kompresa inayoinua kimya. Sikio la mzee haliwezi kuumba kikohozi cha mtu wa Vienna.

Jambo dogo kuhusu FM, kwa kuwa unaweza kulirekebisha leo hii. Mawimbi yakifika dhaifu, stereo inaleta mchirizo wa "shhh" unaosikika hasa pale muziki unaposhuka. Kama redio yako ina kitufe cha mono, kibonyeze. Utapoteza upana wa okestra, lakini mchirizo utapungua sana. Kisha sogeza antena, au redio yenyewe, hatua moja tu mbali na friji na chaja za simu.

Sasa kengele ya kimya, maana ndiyo iliyonifundisha kilichoharibika hasa. Redio nyingi zina kifaa kinachopima kama sauti inatoka. Kimya kikizidi sekunde kadhaa, kifaa kinaamua kwamba studio imekufa na kinafungulia muziki wa akiba. Jumapili moja nilikuwa nimeweka sehemu ya polepole ya simfonia, ile inayoishia kwa nyuzi kufifia hadi usijue zimenyamaza saa ngapi. Umeme ulikuwa umekatika, nikatoka nje kuangalia mafuta ya jenereta. Nyuzi zikafifia, kifaa kikahesabu, na katikati ya ule utulivu ukaingia wimbo wa sifa kwa nguvu zote, makofi na kinanda. Nilirudi mbio mkono ukinuka mazuti. Simu ilikuwa inaita: ni mtawa mmoja mzee, msikilizaji wetu wa kila wiki. Hakunikemea. Aliuliza tu, "Mwanangu, hamkuwa mnasikiliza?"

Swali lake limebaki kwangu mpaka leo, na nadhani ndilo jibu la swali lako kubwa. Hawa vijana wa redio siwaoni kuwa wamepungukiwa na upendo wa muziki. Kilichotoweka ni mtu aliyekaa studio akisikiliza pamoja nawe kutoka noti ya kwanza mpaka ya mwisho. Kompresa imechukua mkono wake, kifaa cha kimya kimechukua sikio lake, na kompyuta imechukua uamuzi wake wa kupanga.

Hiyo kompyuta ndiyo inayokatakata simfonia zako. CD ya simfonia ikiingizwa kwenye kompyuta inatoa mafaili manne, moja kwa kila sehemu. Programu ya kupangia muziki haijui kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Kwake ni nyimbo nne: moja inaitwa Allegro, nyingine Andante, na kadhalika. Inachukua Allegro ya huyu, inafuatisha Andante ya yule, na mtangazaji anasoma kilichoandikwa kwenye kioo: "Huo ulikuwa wimbo unaoitwa Allegro." Allegro ni neno la Kiitalia la kuwaambia wapigaji waende kwa wepesi. Mtangazaji hana kosa kubwa, hakuna aliyemwambia. Kosa linalouma zaidi ni la kukata pasipokatika. Katika simfonia ya tano ya Beethoven, sehemu ya tatu haina mwisho. Inashuka mpaka inabaki ngoma inayonong'ona gizani, halafu bila kupumzika inapasuka kuwa sehemu ya nne yenye mwanga wote. Faili la tatu likiisha hapo na tangazo la sabuni likaingia, msikilizaji ameletwa mpaka mlangoni na mlango umefungwa usoni pake.

Hata hivyo, Mwalimu, hapa sina budi kukupinga kidogo. Kupiga sehemu moja peke yake si dhambi ya siku hizi. Tarehe 8 Desemba 1813, simfonia ya saba ya Beethoven ilipopigwa mara ya kwanza Vienna, watu walidai sehemu ya pili irudiwe papo hapo, ikarudiwa, na mtunzi mwenyewe alikuwa ndiye anayeongoza. Na yule padri wako wa seminari, alipokuwa kijana, santuri za wakati wake zilibeba dakika nne au tano tu upande mmoja. Simfonia ilikuwa rundo la santuri, na kila baada ya dakika hizo mtu alisimama kugeuza. Santuri ndefu zilianza kuuzwa mwaka 1948. Kwa hiyo kusikiliza simfonia nzima bila kukatizwa nyumbani ni neema changa kuliko tunavyodhani. Mimi sioni ubaya redio ikipiga sehemu moja, mradi iseme "hii ni sehemu ya pili kati ya nne", iiache iishe, na mara moja kwa juma itupe kazi nzima.

Na mtangazaji anayezungumza? Nakubaliana nawe nusu. Maneno machache kabla ya muziki yanasaidia, hasa kwa kijana ambaye hakupita seminari. Akiambiwa tu "sikiliza ngoma, usiiache", atasikia asichokuwa amekisikia. Maneno juu ya muziki, wakati noti ya mwisho bado iko hewani, hayana utetezi wowote. Ile noti ya mwisho na kimya chake ni mali ya mtunzi. Nilikuwa nawaambia vijana wangu wahesabu mpaka tano kabla ya kufungua kipaza sauti.

Kuhusu Ulaya, usidhani huko wamelala salama. Malalamiko kama yako yana umri wa kuzidi wengi wetu. BBC ilianzisha redio yake ya tatu, Third Programme, mwaka 1946, kwa ajili ya muziki na mambo ya fikra peke yake. Mwaka 1957, muda wake wa jioni ulipopunguzwa, kiliundwa chama cha kuitetea, na walioungana nacho ni pamoja na mshairi T. S. Eliot na mtunzi Ralph Vaughan Williams. Majina makubwa hayo hayakurudisha muda uliokatwa. Mwaka 1967 ikaja Radio 3, ya BBC hiyo hiyo. Mwaka 1992 ikaanzishwa Classic FM, redio ya biashara yenye vipande vifupi, matangazo na maneno ya kutuliza, na ikapata wasikilizaji zaidi ya mara mbili ya wale wa Radio 3. Tangu hapo wapenzi wa Radio 3 wanaona redio yao inamwiga jirani, na mwaka 2023 aliyepewa kuiongoza, Sam Jackson, alikuwa amewahi kuongoza Classic FM. Wengine wameliona hilo kuwa maji yamezidi unga. Wengine wanasema bora mlango mpana kuliko nyumba isiyo na mgeni. Mimi nimesikiliza zote mbili. Nikikata kauli kwa masikio yangu, Radio 3 bado inakupa opera nzima usiku, na kwa hilo nitawasamehe mazungumzo ya asubuhi.

Wewe, Mwalimu, unasikia Kifaransa, basi mwambie mjukuu akufungulie France Musique. Zaidi ya stesheni yenyewe, Radio France ina redio nyingine za intaneti chini ya jina hilo ambazo zinapiga muziki tu, pamoja na moja ya tamasha. Ya Wabelgiji inaitwa Musiq3. Tamasha za jioni za France Musique huanza saa mbili usiku kwa saa ya Paris. Wakati wa baridi kwao, sisi wa Lubumbashi tuko saa moja mbele, kwa hiyo kwako ni saa tatu. Wakati wa joto saa zetu ni sawa.

Na hizo mega zilizoisha katikati, tupige hesabu, kwa kuwa hakuna muujiza ndani yake. Redio ya intaneti inayotiririka kwa kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu mega 58 kwa saa moja. Ya kilobiti 320, ile ya sauti safi kabisa, inakula mega 144. Ukipata ya 64 utatumia 29 hivi. Opera ya masaa matatu kwa 320 ni zaidi ya mega 430, na mstaafu hawezi kununua hizo kila juma. Usikimbilie ya chini kabisa bila kujaribu, kwa sababu kubana huku ni kwa namna nyingine: hapa programu inatupa sehemu za sauti inazodhani sikio halitazikosa. Ikitupa kupita kiasi, violini nyingi pamoja zinakuwa kama maji yanayochuruzika na makofi yanakuwa kama mafuta ya kukaangia. Kwa muziki wa klasiki kilobiti 128 inatosha kwa heshima. Kilicho bora zaidi ni kupakua. Mjukuu akiwa mahali penye wifi ashushe vipindi vilivyokwisha kurushwa ambavyo programu ya redio inaruhusu kuhifadhi, au rekodi za bure zisizofungwa na haki, kama zile za Musopen, aziweke kwenye flashi. Utasikiliza nzima, bila mega, hata umeme ukiwa umekwenda.

Ila usisikilize kwa spika ya simu. Uzi wa chini kabisa wa kontrabasi, ile ala kubwa ya ukoo wa violini, unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakina kifua cha kutoa sauti hiyo. (Ajabu ya Mungu ni kwamba ubongo unaijaza kwa kukisia kutoka kwenye sauti za juu yake, ndiyo maana bado unatambua wimbo.) Spika za masikioni zenye waya, za bei ya wastani, zitakupa besi ambazo redio ya mezani haijawahi kukupa.

Turudi kwenye stesheni yako, kwani naona roho yako iko huko. Nikuambie ukweli wa upande wa pili wa kioo. Nusu saa uliyonyang'anywa pengine imeuzwa, na mnunuzi mara nyingi ni mhubiri au duka. Redio za hapa zinaishi kwa matangazo ya vifo, ya biashara na ya makanisa. Saa moja ya simfonia wakati umeme umekatika inakunywa mafuta ya jenereta, na hakuna anayeilipia. Kurudishiwa saa nzima si rahisi, sitakudanganya. Hayo mengine unayolalamikia, kwa upande wa redio, hayagharimu hata faranga moja, na ndiyo ningeyaomba kwanza.

Andika barua, ya karatasi, uipeleke mwenyewe mapokezi. Usiandike kwamba kiwango kimeshuka, kwa sababu neno hilo halimwambii fundi ashike wapi. Andika tarehe, saa, kazi iliyopigwa na kilichotokea: "Jumapili ya tarehe fulani, saa kumi na mbili na robo jioni, sehemu ya tatu ilikatwa kabla haijaingia ya nne." Barua ya namna hiyo inamfikia mwenye kazi. Kisha omba mambo mawili. Omba fundi aunganishe sehemu nne za simfonia kuwa faili moja, kazi ya dakika kumi. Na omba aangalie kama kompresa yao ina mpangilio mwingine mpole zaidi, maana mitambo mingi ya siku hizi huhifadhi mipangilio kadhaa na inaweza kubadilishwa kwa kipindi kimoja tu. Wakati nikiwa kazini nilikuwa nabadilisha Jumapili saa kumi na moja na kurudisha saa moja usiku. Ukiwapata wasikilizaji wengine watano au sita watie sahihi, vizuri zaidi. Mkurugenzi akiona majina sita, anajua nyuma yake wako wengine ambao hawakuandika.

Tena wape kitu. Wewe ni mwalimu, unajua kutamka Debussy na Dvořák. Jitolee kuwaandikia sentensi tatu za utangulizi kila juma na namna ya kutamka majina. Mtangazaji kijana atashukuru, nakuhakikishia, kwa kuwa aibu ya kukosea jina hewani ni kubwa na ndiyo inayowafanya waseme upesi upesi juu ya muziki.

Ningeongeza pia wito wa kupiga muziki wetu wa aina hiyo. Joseph Kiwele, aliyefariki mwaka 1961, alitunga muziki wa kwaya katika mji huu huu ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville. Hapa hapa kulikuwa na kwaya ya vijana ya Chanteurs à la Croix de Cuivre. Missa Luba, misa ya kwaya ya padri Guido Haazen, iliimbwa Kamina mwaka 1958, safari ya reli tu kutoka hapa, na ikazunguka dunia. Kinshasa kuna okestra ya simfonia ya Wakimbangu tangu 1994. Kipindi cha klasiki cha Lubumbashi kisichowahi kutaja hata kimoja kati ya hivi kinamfanya kijana wa Kamalondo aone muziki huu ni wa watu wengine, na kipindi kisicho na vijana ndicho cha kwanza kukatwa nusu. Kama parokiani pako kuna kwaya inayoimba kwa noti, pendekeza irekodiwe.

Sasa sikio lako. Mimi ni fundi wa sauti, si daktari, kwa hiyo nitakuambia ninachokijua kutokana na kazi kisha nikutume kwa mwenye ujuzi. Masikio yanapozeeka yanapoteza kwanza sauti za juu, na kwa kawaida yote mawili kwa pamoja: ndege, herufi s na f, mng'ao wa violini. Mara nyingine sikio lililopungua linageuza sauti kubwa kuwa kali kuliko ilivyo, kwa hiyo inawezekana kompresa na uzee vinakuumiza pamoja. Njia ya kuvitenganisha ni hii: chukua rekodi moja unayoijua, isikilize nyumbani kwa spika za masikioni, kisha linganisha na redio. Kama nyumbani minong'ono ni minong'ono, lawama ni ya redio. Kama hata nyumbani kila kitu ni kigumu, au noti ile ile inasikika tofauti sikio hili na lile, mwambie daktari hivyo hivyo kwa maneno hayo.

Lakini mvumo wa sikio moja tu, tena wa mwezi mzima, haufai kuachwa kwa maelezo ya watoto kwamba ni uzee. Uzee hauchagui upande wa kushoto. Inaweza kuwa nta iliyojaa, jambo la dakika chache, na inaweza kuwa kitu kinachohitaji kupimwa. Nenda hospitali kubwa, uliza daktari wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo. Usichokore kwa njiti ya kiberiti wala pamba, usimimine mafuta ya moto. Mpelekee orodha ya dawa zote ulizotumia miezi hii. Kama ulitibiwa malaria kwa kwinini, au ulichomwa sindano za jentamisini, au unameza aspirini nyingi, litaje hilo kwanza, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuvumisha masikio. Ila usiache dawa uliyoandikiwa kabla hujazungumza naye. Na kama sikio lenyewe limeziba ghafla, ulilala unasikia ukaamka husikii, au mvumo unakuja na kizunguzungu, hapo usingoje miadi. Nenda siku hiyo hiyo, maana tiba ya sikio lililozimika ghafla inasaidia zaidi siku za kwanza, na majuma yakipita nafasi inapungua.

Barua ya redio inaweza kungoja mpaka Jumatatu ya juma lijalo. Kwa ORL nenda kesho asubuhi, na mjukuu akusindikize, asimame upande wa kulia ili umsikie barabarani.